Mbuyu, kabro na maji: kisa cha mti mmoja mlangoni mwa Kilindini

Tawi lilianguka saa nane usiku, mwezi wa Juni, kusi likivuma. Lingeanguka jioni ya Jumapili lingeua mtu, maana chini yake ndipo mama wa mihogo hupanga karai lake, mabenchi yake na ndoo ya ukwaju, na jioni ya Jumapili ukingo wote ule wa bahari huwa hauna pa kutia mguu. Usiku ule lilikuta meza tupu. Likaivunja vipande, likapasua benchi moja, na ndoo ikaokotwa asubuhi imekuwa bapa kama chapati.

Mwenye kiwanja alinipigia simu kabla sijamaliza chai. Hakuniuliza neno. Aliniambia nije na msumeno wa injini na vijana wanne.

Kazi yangu ni kukata miti. Nasema hivyo mapema kwa sababu kisa hiki chaweza kusomwa kama cha mpenda miti aliyepambana na tajiri, nacho sicho. Kisiwani humu Mombasa nimeangusha miarobaini, mikungu na miembe isiyo na idadi, na mingi ilistahili. Huu nao niliuendea nikiwa na nia ya kuuangusha.

Kiwanja kiko kusini mwa kisiwa, juu ya mwamba wa matumbawe unaotazama mlango wa Kilindini, si mbali na Serani. Ni cha nani, hilo litabaki kwangu. Mpaka wake unaanzia pale uwanja wa watu wote unapokomea, na mbuyu umesimama papo hapo mpakani: shina ndani, nusu ya matawi nje, juu ya njia ya wapita njia. Una mashina matatu yaliyoungana chini, kama ndugu waliogombana wakapeana migongo.

Kwa nini mti huo ulikuwapo hata ukatuletea balaa

Katika mji ambao kila futi ya ardhi ina kesi, mti mkubwa kiasi hicho hausalimiki bila sababu. Ukiitafuta sababu utafika kwenye mizinga.

Mombasa huingiliwa kwa milango miwili. Mmoja hupita chini ya Ngome ya Yesu (Fort Jesus) kuelekea Mji wa Kale. Mwingine hukata kusini kuelekea Kilindini, penye kina, ndimo zinamopita meli za kontena siku hizi. Wareno walianza kujenga Ngome mwaka 1593 kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati, miaka minne tu baada ya Wazimba kuvuka kutoka bara na kuumaliza mji. Lakini Ngome ililinda mlango mmoja. Ule wa kusini ulihitaji macho yake, na ndiyo maana ya zile ngome ndogo za upande wa Serani. Mabaki ya ile ya Mtakatifu Yosefu yangali pale kando ya barabara ya Mama Ngina, watoto huyapanda wakipiga picha. Waliofuata nao hawakuusahau ukingo huo. Waomani walioizingira Ngome tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698, Mazrui waliorithi mji, Mwingereza aliyeigeuza Ngome kuwa jela kuanzia 1895 hadi 1958: kila mmoja wao alikuwa na sababu ya kutaka mahali pale pabaki wazi, aone nani anakuja.

Upande huo ulikuwa na mji wake pia, ambao Wareno waliuandika Tuaca. Wakilindini, moja ya Miji Mitatu, yaani makabila matatu ya Waswahili wa Mombasa, walikuja kuhamia upande wa Mji wa Kale, nyuma yao yakabaki makaburi na mibuyu. Kisha mkoloni akaja na mchezo wake: klabu ya gofu ilianzishwa 1911, barabara ya ukingoni ikaitwa Azania Drive, na baada ya uhuru ikawa Mama Ngina. Mwaka 2019 ukingo ukatengenezwa upya kuwa bustani ya mji, na Sikukuu ya Mashujaa ya mwaka huo, tarehe 20 Oktoba, ikafanyika papo hapo.

Nilikuwa nikiwaambia watu kwamba askari ndio waliotuhifadhia mibuyu ile. Siku hizi sisemi hivyo. Askari mwenye akili hufyeka kila kitu kilicho mbele ya mzinga wake. Mbuyu uliponea kwa sababu haufai: hautoi boriti, hautoi ubao wa jahazi wala wa mlango, hauna makaa ya maana, na ukiupiga shoka linazama kama kwenye boga na kukwama humo. Ukiubandua gamba usokote kamba, huota gamba jipya. Basi wenye mizinga waliuacha kwa uvivu, na wenye majumba hawakuja kwa kuwaogopa wenye mizinga. Kati ya uvivu wa hao na hofu ya hawa ukabaki uwanja, na ni huo uwanja, ule utupu, uliouweka mti hai. Mizizi ya mbuyu haiendi chini sana. Hutambaa juu juu, mbali kuliko kivuli chake, ikisaka maji ya mvua katika mwamba unaovuja kama chujio. Ukiuachia shina ukaunyang'anya uwanja, umeacha maiti inayosubiri.

Watu wa kaya, vile vijiji vya kale vya Mijikenda ndani ya msitu, walilijua hili siku nyingi. Kaya za Mijikenda, zile zilizoingia kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2008, zilikuwa boma pia, ila ukuta wake ulikuwa msitu wenyewe. Mwiko wa kaya hauishii kwenye mti mmoja mtakatifu. Unashika ardhi nzima, njia ya kuingilia, hata kijiti kilichoanguka hutoki nacho. Sisi wa mjini hulizungushia shina uzio, tukaweka kibao, tukalipa mtu wa kumwaga saruji kila upande wa kibao.

Nilichokikuta shinani

Mwenye kiwanja alinipokea na picha kwenye simu. Ilipigwa Februari: mti mtupu, hauna jani hata la dawa. "Umekufa tangu Januari, fundi. Tumeuvumilia tu." Nikamgeuza atazame mibuyu mingine ukingoni na kumwambia Februari yote huwa hivyo. Mbuyu kumwaga majani kiangazi ni kama mtu kuvua kanzu kwa joto. Kwenye gamba lake, ukikwangua kwa ukucha, chini ya kijivu kuna kijani, na hicho hula mwanga wakati majani hayapo. Nilikwangua shina la kwanza: kijani. La pili: kijani. La tatu, lile lililoangusha tawi, lilitoka kahawia na ute.

Nikalizunguka kwa nyundo ya mbao. Shina zima hujibu kwa sauti nzito, iliyoshiba. Lenye uwazi ndani hulia kama ngoma, na hilo peke yake si ugonjwa, mibuyu mingi mizee ina uwazi na inaishi. Hili halikulia vyovyote. Nyundo ilitua kama kwenye godoro.

Kisha nikatafuta shingo ya mti, pale shina linapotanuka kuwa mizizi, nisiipate. Shina liliingia ardhini wima kama nguzo ya stima. Mti haumei hivyo. Nikapiga magoti, nikang'oa kabro tatu, yale matofali ya saruji yaliyotandazwa chini, nikachimba kwa mikono. Nilivuka mchanga wa kabro, nikavuka udongo mwekundu ulioletwa kwa lori kutoka bara, na kwenye sentimita 45 ndipo nilipogusa ardhi ya kale, ile nyeusi yenye vipande vya matumbawe na simbi. Gamba katika kina hicho lilikuwa limegeuka jeusi. Lilinuka kama tembo la mnazi lililolala siku tatu. Nikasukuma chuma chembamba cha kupimia kikaingia hadi kwenye mshiko bila kunidai nguvu, na nilipokivuta kikatoka na nyuzi zilizolowa, kama makumbi yaliyofukuliwa matopeni kabla ya kupigwa.

Maji yalitoka wapi, na mvua za masika mwaka huo hazikuwa za kutisha? Niliona jibu saa kumi na nusu jioni, bomba za kunyunyizia nyasi zilipojifungua zenyewe. Nyasi zile za zulia, zilizopandwa miaka mitatu nyuma, zilitaka maji kila siku. Zilipewa kila siku, Januari na Agosti sawa. Kabro ilikuwa na mwinamo mzuri sana, kontrakta alikuwa hodari, na mwinamo wote uliishia kwenye shina.

Ami mmoja, nahodha wa majahazi aliyestaafu, alikuwa ameketi kwenye ukingo wa konkriti akinitazama muda wote. Nikamwamkia, "Shikamoo, Ami." Akajibu, kisha akasema bila kuniangalia: "Mwanangu, mti huu hauuliwi na shoka. Wauliwa na mayi." Alikuwa amemwambia hivyo kijana wa bustani tangu mwaka wa kwanza. Kijana alikuwa amemjibu kwamba yeye anafuata ratiba.

Nikaongeza kupima mzunguko kwa utepe: mita 14 na ushei, kimo cha kifua. Mwenye kiwanja akauliza hiyo ni miaka mingapi. Nikamwambia haisemi. Mbuyu huvimba na kunywea kwa majira, huu ni mashina matatu si moja, na pete zake hazihesabiki kama za mvule. Wanaotaka umri hupeleka vipande maabara vikapimwa kaboni. Alionekana kuvunjika moyo. Nadhani alitaka kusikia elfu moja, hata kama alikuwa anaukata kesho.

Njia tatu, na moja iliyoniuma

Hoja yake ya kukata haikuwa ya kipuuzi, na wanaoandika juu ya miti huipita haraka mno. Tawi lilikuwa limeanguka juu ya njia ya watu. La pili likianguka mchana, si mimi nitakayesimama mahakamani. Alikuwa na bima iliyomtumia barua.

Nilimpigia hesabu ya kukata. Mbuyu ulioshiba maji hausumbui kwa ugumu bali kwa ulaini: nyuzi huujaza mnyororo wa msumeno, unasafisha kila dakika tano. Gogo lake huliuzi, hata mchoma makaa halitaki. Likibaki huoza likawa rundo la nyuzi zinazonuka, na kung'oa kisiki juu ya ukingo wa mwamba ni kuulegeza mwamba wenyewe, na ukuta wake uko juu ya mwamba huo huo.

Akauliza kwa nini usihamishwe. Alikuwa amefuata habari za mibuyu ya Kilifi, ile iliyong'olewa mwaka 2022 ipelekwe Georgia, kwenye bustani ya miti kando ya Bahari Nyeusi, hadi Rais Ruto akaagiza ichunguzwe. Kama mbuyu unaweza kuvuka bahari, huu hauwezi kuvuka barabara? Nikamwambia ile iling'olewa kwenye udongo, ikiwa na afya, ikanyolewa matawi na mizizi kama mfungwa. Huu wake umeoza kiunoni. Ukiufunga mkanda wa kreni, kreni itaondoka na nusu.

Njia ya tatu ndiyo niliyoisimamia: kuondoa kabro, kuondoa udongo wa kigeni, kufunga maji, kulipunguza shina la tatu libaki kisiki kirefu kisichofika juu ya njia, kisha kungoja vuli tuone. Na kuhamisha watu wote wanaokaa chini ya mti hadi tujue.

Hilo la mwisho ndilo lililoniuma. Mama wa mihogo alikuwa pale kabla ya nyasi, kabla ya kabro, kabla ya huyo mwenye kiwanja kununua. Wateja wake walimjua kwa mti: mihogo ya mbuyuni. Nilimwambia nikiwa nimesimama, nikaona haifai, nikakaa kwenye benchi lililobaki. Alipaka pilipili na ndimu muhogo wa mteja, akampa, akahesabu chenji, ndipo akanijibu.

"Mti ulinikosa, fundi. Weye ndiwe uliyenipata."

Sikuwa na la kumwambia. Alihamia hatua ishirini, chini ya mkungu, ambao kivuli chake ni kizuri na jina lake halijui mtu.

Kosa langu, na ukuta

Tulianza kazi Julai. Vijana walikuwa na haraka, nami niliwaachia sululu. Huo ndio ukweli. Udongo uliorundikwa kwa miaka mitatu ulikuwa umeshaotwa na mizizi myembamba, na badala ya kuuondoa kidogo kidogo kwa mikono na mwiko tuliukwangua siku mbili hadi ukaisha, upande wa mashariki wote. Mizizi ile ilikuwa inalisha mashina mawili mazima. Ningekuwa nimeajiri mtu akanifanyia hivyo ningemfukuza.

Siku ya tatu sululu ililia. Si mwamba, mwamba wa matumbawe hulia kavu. Hiki kilikuwa chokaa. Tukafagia kwa ufagio wa makuti ukaonekana mgongo wa ukuta, mawe ya matumbawe yaliyopangwa, unene wa mkono wangu mzima, ukikimbia kutoka chini ya mbuyu kuelekea ukingoni. Mzizi mnene kama paja ulikuwa umeupanda, ukaukumbatia, ukashuka upande wa pili. Mawe mawili yalikuwa yamenyanyuliwa kabisa kutoka kwenye safu yake na yalikuwa yameshikwa na mzizi tu.

Tulisimamisha kazi. Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya 2006 inamlazimu anayekuta mabaki ya kale atoe taarifa, na mstari wake ni mwaka 1895. Kupeleka taarifa kulikuwa na vituko vyake. Ofisi moja iliniambia wao hushughulika na kuta, si miti. Nyingine ikaniambia wao ni wa miti, na hapa nimeleta ukuta. Wiki tano zikapita, shimo wazi, mti mizizi nje tumeufunika magunia. Mwishowe alikuja bwana mmoja mtaratibu, mwenye brashi mfukoni, akapima, akachora, akaonja chokaa kwa ulimi. Aliyonifundisha siku ile yamenifaa kuliko semina zote.

Alikuwa ameona kiraka cha saruji katika uwazi wa shina la tatu. Mtu fulani, zamani, alikuwa amekuta shimo kwenye mti akalijaza saruji kama jino. Akaniambia wanapambana na kiraka hicho hicho kwenye kuta za kale. Mawe ya matumbawe na chokaa hunyonya unyevu na kuutoa, ukuta unapumua. Fundi wa haraka akipaka saruji juu yake, unyevu hukosa pa kutokea, hubaki nyuma na kula jiwe polepole, nje ukuta ukionekana mpya. Tukakitoa kiraka kwa mtaimbo. Nyuma yake kulikuwa na maji ya kujaza ndoo mbili, na mnyoo mmoja mweupe mnene kama kidole.

Kuhusu mzizi na ukuta alishauri visitenganishwe. Ukikata mzizi, mawe yanaporomoka. Ukitoa mawe, mzizi unabaki hewani. Tuliurudishia ukuta mchanga na vipande vya matumbawe juu yake, hadi kimo cha ardhi ya kale, bila hata toroli moja ya udongo mwekundu. Mwenye kiwanja, ambaye kwa wiki tano alikuwa hanipokei simu, alifurahi kusikia ana ukuta wa kale. Alianza kuuita "wetu".

Baada ya vuli

Mibuyu ya jirani ilichipua mvua za Novemba zilipoanza. Huu ulikaa. Nilipita kila siku ya tatu, na mama wa mihogo alikuwa akiniangalia kutoka chini ya mkungu kama mtu anayesubiri mdaiwa. Majani yalikuja wiki tatu baada ya wenzake, kwanza kwenye shina la kusini, kisha la kaskazini, madogo kuliko kawaida. Upande wa mashariki, tulipopiga sululu, tawi moja zima halikuchipua, na hilo najua ni langu. Shina la tatu halikutoa kitu. Tulikuwa tumeshalifupisha, sasa ni kisiki kirefu, kakakuona wa kijivu aliyesimama, na ndani ya uwazi wake kuna bundi.

Mwaka uliofuata uliweka maua. Maua ya mbuyu hufunguka jua likizama na kuanguka siku ya pili, na popo huja kuyanywa usiku. Ami nahodha alinipigia simu kuniambia wamerudi, maana yeye hulala kidogo. Mabuyu yaliyotoka yalikuwa saba. Mama wa mihogo aliyahesabu kabla yangu.

Sikupata yote niliyoyataka. Niliomba duara la mita nane lisilo na kabro wala nyasi. Nilipata mita tatu na nusu, kwa sababu gari la mwenye kiwanja linahitaji pa kugeukia. Mizizi iliyo chini ya kabro iliyobaki haina habari na maafikiano yetu. Mama wa mihogo hajarudi rasmi, ila benchi lake, ambalo Desemba lilikuwa chini ya mkungu, sasa liko katikati ya njia, na kila nikipita nalikuta limesogea. Sijamwambia kitu. Liko nje ya pale ambapo kisiki kingefika kikianguka. Nimepima kwa macho.

Wiki iliyopita nilipita alasiri. Bomba za nyasi zilikuwa zimefunguliwa, na maji yalikuwa yamepata njia mpya kati ya kabro mbili, yanatiririka taratibu kuelekea shinani. Nilifunga koki, nikavuka, nikaagiza mihogo ya shilingi hamsini. Nilikuwa bado napulizia kipande cha kwanza kijana wa bustani alipotokea mbio, mikono hewani, akiuliza ni nani aliyefunga maji. Mama wa mihogo akamwambia hakumwona mtu.